Maombi ya Umoja kwa Viti vya Kufa na Kuzikana

Alhamisi, Januari 23. Jua kali tangu asubuhi, joto la kubana, jani halitikisiki. Mchana ulipita upepo kidogo wenye vumbi kutoka upande wa barabara ya Bagamoyo, ukakatika.

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu kwenye maombi ya umoja wa Wakristo. Naandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo kila mtu nitakayemtaja nitajitahidi kumpa haki yake, hata wale ambao mkono unakataa kuwaandikia mema. Sina hakika kama nitaweza. Mie niliishia darasa la saba, na mtu wa darasa la saba akikasirika maneno humjia mengi kuliko anayoweza kuyasimamia. Yatakayozidi nitayafuta kesho.

Mtaa wetu huku Tegeta ndani una makanisa matatu, nami nitayaita kama watu wanavyoyaita. Kuna letu, la padri. Kuna la kengele, la mchungaji kijana mwenye kola nyeupe, ambalo waumini wake wengi wametoka Nyanda za Juu kama mke wangu. Na kuna la mabati, la walokole, ambalo spika zake zimegeuzwa zitazame nyumba za watu wasiokwenda huko. Kila Januari viongozi wanakumbushana kwamba kuna wiki ya kuombea umoja, kisha kila mtu anaiombea kwake. Mwaka huu wakasema hapana, tuombe pamoja kweli, kila jioni. Kilichowashinda ni mahali. Kila mmoja alisema milango yake iko wazi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia kwa mwenzake. Ndipo ikaamuliwa tuzunguke majumbani.

Alhamisi niliiomba mwenyewe, kwa kunyoosha mkono. Na nilikuwa na sababu yangu, ambayo ni mama mkwe.

Mama yake mke wangu anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki kule Makete. Magoti yake yamekwisha, lakini masikio ni ya msichana. Yeye ni wa kanisa la kengele tangu alipobatizwa akiwa mchanga. Hapa mjini alikwenda kwao Jumapili moja tu, akamwona kijana anapiga gitaa mbele ya madhabahu, akainuka na fimbo yake katikati ya ibada akatoka. Hajarudi tena. Kwetu hawezi kuja, anasema tunapigia magoti sanamu, na hajanisamehe kwamba binti yake aliponioa (yeye husema hivyo, kwamba mie ndiye niliyeolewa) alihamia kwetu. Walokole anawaita watu wa kelele. Kwa hiyo makanisa matatu yanamzunguka na hakuna hata moja linalomjua.

Isingekuwa neno, kama si fundi seremala mmoja wa mtaa wa pili. Alikuwa mtu mwema, Mkristo, lakini hakuwa na kanisa. Alipofariki, kikundi cha mtaa cha kufa na kuzikana kilifanya yote: viti, turubai, chakula, jeneza, kaburi. Kikundi kinazika mwili. Wimbo na maneno kila marehemu anakuja na vyake, naye hakuwa navyo. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani jeneza lilipopita mbele ya geti letu, vijana wamelibeba, kimya, unasikia ndala tu. Tangu siku hiyo swali lake ni moja. Anaweza kuliuliza akiwa anachambua mchicha.

"Mie nitaimbiwa na nani?"

Mke wangu humjibu, "Mama, acha hayo." Mie nililibeba hata kwenye karakana yangu, nachomelea geti la mtu huku swali limekaa kichwani. Nikawaza: nikiwaleta wote watatu uani kwangu, wamwone, naye awaone, halafu wakati wa matangazo nikauliza mbele ya watu, nani atakataa, wiki ya umoja? Sehemu hiyo ya kuuliza sikumwambia mke wangu.

Asubuhi nilifunga karakana nikaenda kuazima turubai na viti vya kikundi. Ni viti vya plastiki vyeupe, na nyuma ya kila kimoja imeandikwa kwa rangi nyekundu KUFA NA KUZIKANA, ili visiibiwe. Sikufikiri. Kila mtu huku anakalia viti hivyo, hata kwenye harusi. Nikafunga turubai, nikapanga viti pande mbili, nikatandika mkeka wa akina mama, nikaweka meza mbele na kitambaa cheupe. Halafu nikatoa kiti cha mto cha sebuleni, kile cha mama mkwe, nikakiweka kando ya meza, mbele kabisa, nikamketisha. Nyuma ya nyumba mke wangu na wanawake wawili wa jumuiya yetu ya kanisani walikuwa wanapika pilau kwenye mafiga, moshi unapanda.

Saa kumi hivi jirani yetu wa ukuta mmoja, Muislamu wa Lindi, mtu mtaratibu sana, akasimama getini. Alikuwa amevaa kofia yake na kanzu safi. Akasema kwa sauti ya chini:

"Jirani, poleni sana. Ni bibi?"

"Hapana, jirani. Tuna maombi tu."

"Alhamdulillahi. Nimeona turubai, nikasema nisisubiri kuitwa."

Kutoka kwenye kiti cha mto: "Nani huyo anatoa pole?"

"Ni jirani, mama."

"Shikamoo bibi," jirani akasema.

"Marahaba. Bado sijafa. Ukitoka hapo wafikishie na wenzako."

Jirani akacheka kwa adabu akaondoka. Mama mkwe hakucheka. Akatazama turubai, akatazama mkeka, akatazama kitambaa cheupe, akageuza shingo polepole akasoma mgongo wa kiti kilichokuwa karibu naye. Anasoma bila miwani.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Jeneza umeliweka wapi?"

Nikasema mama una utani. Lakini nilipotazama uani nikaona anachokiona. Nilikuwa nimepanga msiba. Kwa kweli sijui mpango mwingine wa viti na turubai uani. Ningekuwa na muda ningepanga upya, ila watu walishaanza kuingia.

Waliingia makundi matatu. Wa kwetu wakakaa kulia, wa kengele kushoto, wa mabati nyuma karibu na geti, na spika yao moja ndogo waliyokuja nayo bila kuulizwa. Katikati ukabaki mstari wa viti vitupu, na kila aliyechelewa aliuruka kama mfereji. Padri hakuja, alikuwa na shughuli. Aliyetuongoza sie ni mwenyekiti wa jumuiya, mama aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, ambaye akitaka kimya anapiga makofi mawili hata kwa watu wazima. Wa kengele walikuja na mchungaji wao. Wa mabati walikuja na kiongozi wao, ambaye wao humwita mtumishi, suti ya bluu, kijasho kinamtoka.

Mwenyekiti akaanza kwa ishara ya msalaba. Upande wetu mikono ikapanda, upande wa pili watu wakatazama miguu yao. Mama mkwe aliificha mikono yake kwapani akanikazia macho mpaka tulipomaliza. Halafu mchungaji akasoma Injili, mahali Bwana anapoomba wafuasi wake wawe wamoja. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayeamini anachosoma, na hilo nalisema kwa sababu nitamsema baadaye.

Ndipo mwenyekiti akasema, "Sasa wote pamoja, Sala ya Bwana." Hapo ndipo palipoharibika.

Kila mtu huku anajua kwamba maneno hayalingani. Wetu ufalme unafika, wao ufalme unakuja. Sie tunaomba mkate, wao wanaomba riziki. Sie tunasamehewa makosa, wao deni. Unajua hivyo maisha yako yote, ila kwa kuwa kila mtu husali kwake, hujawahi kuyasikia yakigongana. Tulianza chini chini, kwa heshima. Kwenye mkate mtu mmoja wa kwetu akapandisha sauti kidogo, ili asipotezwe na riziki. Wa riziki wakamsikia. Tulipofika kwenye makosa na deni tulikuwa tunashindana kama wauzaji wa stendi. Wa mabati walishaacha maneno ya pamoja, kila mmoja anaomba ya kwake, macho yamefumbwa. Kisha sie tukafika mwisho wetu, tukasema Amina, na mwenyekiti palepale akasema, "Tukae," na watu wetu wakakaa kwa kishindo, wakati wa kengele bado wamesimama katikati ya ule mwisho wao wa ufalme na nguvu na utukufu.

Wakanyamaza mmoja mmoja. Mama mkwe hakunyamaza. Akaumaliza mwisho peke yake, neno kwa neno, akimtazama mwenyekiti, na Amina yake aliigonga kwa fimbo.

"Mmeikata sala mkia," akasema.

"Bibi, sie tunaishia pale Bwana alipoishia," mwenyekiti akajibu.

"Kwa hiyo sie tumeongeza ya kwetu?"

"Sijasema hivyo."

"Umekaa. Kukaa ni kusema."

Sidhani kama mwenyekiti alikusudia. Mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote, darasa likimaliza anasema kaeni, na kwake darasa lilikuwa limemaliza. Lakini hakuomba radhi, na angeweza.

Mtumishi akaona ni zamu yake. Akawasha spika, ikapiga mluzi, watoto wa majirani wakajaa juu ya ukuta. Akaomba kwa nguvu. Alikemea roho ya mgawanyiko, watu wakasema amina. Akakemea roho ya dini, amina zikapungua. Akakemea roho ya mapokeo, roho ya rozari, roho ya kuandikiwa maombi kwenye karatasi, na hapo wa mabati peke yao ndio waliobaki na amina. Mwanamke mmoja wa kwetu aliipachika rozari yake shingoni juu ya gauni, makusudi, ionekane. Na bado mtumishi huyohuyo alimwombea mke wangu presha yake ishuke, kwa jina, bila kukumbushwa. Mke wangu alipolazwa, wa mabati walikuja watu watano na uji. Wa kwetu alikuja mwenyekiti peke yake. Yote mawili ni kweli, na sijui niyapange vipi.

Mwenyekiti akapiga makofi mawili. "Matangazo. Mwenye tangazo."

Nikasimama. Nikasema, wapendwa, huyu ni mama mkwe wangu. Ni Mkristo tangu mchanga. Umri umekwenda na hapa mjini hana kanisa. Kwa kuwa wiki hii tunaomba tuwe wamoja, nilikuwa naomba kujua, siku Mungu akimwita, nani kati yenu atakuja kumsomea na kumwimbia.

Nilimwona mke wangu akitokea pembeni ya nyumba, mwiko mkononi.

"Baba," mwenyekiti akasema, "swali lako si baya ila umelileta pabaya. Jumuiya inazika wanajumuiya. Tukianza kumzika kila mtu, wale wanaokuja kila Jumamosi, mvua na jua, tutawaambia walikuwa wanakuja kufanya nini?"

"Si wiki ya umoja, mwenyekiti?"

"Umoja wa kuomba. Kuzika kuna utaratibu wake."

Mchungaji akainuka. "Mama ni wetu, sikatai. Lakini mimi ni mgeni kwenye usharika huu. Alete utambulisho kutoka kwao Makete, maana wazee wa kanisa wataniuliza nimemzika nani."

"Utambulisho wa nani?" mama mkwe akauliza. "Aliyenibatiza amekufa. Aliyenipa kipaimara amekufa. Niwafukue waje wanisainie?"

Upande wetu wakacheka.

"Mama, ulikuja kwetu siku moja ukatoka ibada ikiendelea."

"Nilitoka kwa sababu ya gitaa."

"Gitaa halina dhambi, mama."

"Halina na sauti. Na mpigaji anajua."

Mpigaji alikuwepo, kiti cha tatu. Akatazama chini. Mchungaji hakudanganya, nalisema hilo kwa sababu ingekuwa rahisi kwake kusema ndiyo mbele ya watu halafu siku ya siku akose kuonekana. Lakini aliyasema kama karani wa ofisi ya kata.

Mtumishi akachukua kipaza sauti. "Mmewasikia? Hawa wana utaratibu. Sisi tuna Yesu. Mama, sisi tutakuzika hata kesho."

"Kesho?"

"Wakati wowote, mama, ndiyo maana yangu. Ila kwanza uzaliwe mara ya pili. Maji mengi. Jumapili tunabatizia baharini, Mbweni."

"Na haya magoti nizamishwe baharini na mtu nisiyejua hata ukoo wake? Nikifia humohumo mtakuwa mmemaliza kazi zote mbili kwa safari moja."

Sasa walicheka wa kwetu na wa kengele kwa pamoja, na nadhani ndiyo mara pekee leo tulipofanya kitu kwa pamoja. Mtumishi akakunja uso. Mwenyekiti hakuiachia nafasi hiyo.

"Ndivyo mnavyofanya. Ndivyo mlivyomchukua mwalimu wetu wa kwaya."

"Alikuja mwenyewe. Alikuwa na njaa ya Neno."

"Alikuwa na njaa ya kinanda. Mlimwonyesha kinanda."

"Ndugu zangu," mchungaji akasema.

"Na wewe tulia," mwenyekiti akamwambia. "Juzi kwenye msiba wa kule juu mlitukatalia kushika hata kamba ya jeneza, mkasema kwaya yenu imeshapangwa."

"Ilikuwa imeshapangwa."

"Ndiyo nasema."

Mama mmoja wa mabati akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wote tulisikia, "Umoja umeisha. Turudishe viti vya watu."

Mchungaji akatoa baraka, mikono juu. Nusu ya watu waliipokea wamesimama na nusu waliipokea wakiwa wanatembea kuelekea getini, wamempa mgongo. Nikawakimbilia, nikasema jamani, kuna chakula, kaeni. Mtumishi akanishika bega akasema, "Baba, Mungu akubariki, ila sisi tuko kwenye mfungo wa Januari." Sikuwa nimejua. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Mwenyekiti akasikia akasema, "Mfungo wa kukataa vyakula vya wenzao," na wale mama wawili waliopika na mke wangu wakavua kanga za jikoni wakamfuata mwenyekiti. Wa kengele walisema wana kikao. Labda walikuwa nacho.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya sufuria. Pilau haijaguswa.

"Ulimkalisha mama yangu mbele kama mbuzi wa mnadani," akasema.

"Nilitaka apate mtu."

"Umemuuza mara tatu na hakuna aliyefika bei. Mbele ya watoto wa ukutani."

"Mke wangu, mie..."

"Sogea."

Nikasogea. Akafunika sufuria, akaishika masikio kwa kanga, akaipeleka mpaka ukutani, akamwita mke wa jirani. Nikasikia anasema, "Chukueni yote. Msiwe na wasiwasi, kuku amechinjwa na yule muuzaji wenu wa sokoni." Sie huwa tunachinjisha kwa Muislamu kila tukiwa na shughuli, ili majirani wote wale. Mke wa jirani akauliza, "Yote?" Akajibiwa, "Yote." Sijawahi kumwona akigawa chakula kwa hasira. Alirudi mikono mitupu, akaingia ndani, akapita mbele yangu kama sipo.

Nikabaki nafungua turubai peke yangu. Nikawaza kama kweli niliwaita watu kuombea umoja, au niliwaita kwa shida yangu halafu nikawakasirikia kwa kutokuwa na jibu la shida yangu. Kama ni la pili, basi mwenyekiti alikuwa na haki kwamba nililileta pabaya, na inaniuma kuliandika hilo.

"Mkwe."

Alikuwa bado kwenye kiti cha mto, mbele, pembeni ya meza. Nikaenda. Akanionyesha kwa fimbo kiti kimoja cha kikundi, nikakaa.

"Wewe sikukupenda tangu siku ya kwanza," akasema. "Ulikuja kwangu Makete soksi zimetoboka, ukamchukua mwanangu ukampeleka kwenye sanamu."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo mama. Ni kweli au si kweli?"

"Soksi ni kweli."

Akaielekeza fimbo getini. "Wale hawakunitaka. Na mie sikuwataka, wewe ulijua hilo."

"Nilijua."

"Ukawaita."

"Nilidhani wakikuona watakutaka."

"Walioniona siku zote hawakunitaka, itakuwa wale?" Akagonga fimbo chini. "Utanisomea wewe."

Nikamwambia mie si wa kanisa lake. Hata kwetu si kiongozi, sijawahi kusoma somo hata la Jumapili, nasoma polepole. Sijui kama inaruhusiwa.

"Na nani?"

Sikujua na nani. Nikasema nitamuuliza padri.

"Muulize. Akikataa utanisomea hivyohivyo. Hujui kitu, lakini kila siku upo hapa. Nenda kalete vitabu vyangu."

Nikaleta Biblia yake na kitabu chake cha nyimbo, vimefungwa pamoja kwa mpira. Akanifungulia Zaburi ile ya milima. Nikaanza.

"Usikimbie. Hakuna anayekufukuza."

Nikaanza tena.

"Umeruka mstari. Siku hiyo ukiruka nitasikia."

Nikasoma mpaka mwisho. Hakusema vizuri wala vibaya, akafungua kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa uliolainika kuliko kurasa nyingine. Wimbo huo siujui. Kwetu haupo. Nikajaribu kufuata yeye anavyoimba kwa sauti yake ya puani, nikashindwa kupanda pale unapopanda.

"Unaimba kama geti," akasema. "Umefanya kazi na mageti mpaka umekuwa geti. Tena."

Nikarudia. Nikarudia tena. Jikoni nilikuwa nasikia kisu kinamenya viazi, kwaru, kwaru. Mara ya tatu nilipofika pale pa kupanda na kushindwa, kisu kikaacha.

"Siyo hivyo," mke wangu akasema kutoka ndani. Na akauimba ule mstari mmoja, mzima, unavyopanda. Tangu tuoane sijawahi kumsikia akiimba wimbo wa kwao. Nilidhani ameusahau. Kisha kisu kikaendelea, na hakutoka nje, na mama mkwe hakugeuza kichwa wala kuonyesha kwamba amesikia. Akaniambia tu, "Umesikia? Basi fanya hivyo."

Nikafanya. Haikuwa vizuri. Amesema tutarudia kesho na kesho kutwa, na kwamba nisidhani amenisamehe ile habari ya sanamu.

Mezani tulikuwa watatu. Mke wangu hajasema na mimi neno jingine mpaka naandika hapa. Mama mkwe akaanza Sala ya Bwana bila kumngoja mtu, riziki yake na deni zake, sie tukasali ya kwetu chini chini pembeni yake. Tulifika mwisho wetu kwanza. Nilikuwa karibu kusema Amina, nikamwona mke wangu hajafungua macho, nikaimeza. Tukangoja mpaka mama akamaliza ufalme na nguvu na utukufu, wote, taratibu, alivyopenda mwenyewe. Kisha akasema, "Chumvi iko wapi?"

Tumekula viazi vya kuchemsha vya Makete na chumvi, na chai ya rangi. Harufu ya pilau ilikuwa inatujia kutoka ng'ambo ya ukuta.